Vyerehani Juu ya Dari Yangu

Mwalimu alikuwa akinusa cherehani kabla ya kukigusa. Aliinama, akasukuma pembeni kile kibati kidogo kilicho chini ya sindano, akasogeza pua, akavuta pumzi mara moja, kisha akajiinua na kutoa hukumu. "Nazi," angesema. Au, "Hiki kizima." Hukumu ya tatu sikuwahi kuisikia.

Hukumu ya nazi inataka maelezo kwa msomaji asiye wa pwani. Hapa kisiwani mafuta ya nazi hupakwa kila kitu: nywele, ngozi, goti linalouma, bawaba ya mlango unaolia. Kwa hiyo cherehani kikianza kuwa kizito, mwenye nyumba huchukua chupa iliyo karibu na kukitilia matone, kwa nia njema kabisa. Siku za mwanzo huenda kama maji. Halafu mafuta huganda yakawa kama gundi, chuma kikashikana na chuma, na gurudumu likakataa kuzunguka. Familia husema kimekufa. Kinasukumwa chini ya ngazi, juu yake huwekwa chungu cha maua au mtungi wa gesi, na mwisho wake hubebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mwalimu hakukubali kwamba vilikufa. Alisema vimezimia. Alikitoa kichwa kwenye meza yake, akakiweka juani barazani, akakipitishia mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, akaligusa gurudumu kwa vidole viwili, akaliacha. Kesho yake tena. Mwanamke ambaye hakuwa na subira ya kungoja birika lichemke aliweza kungoja gurudumu moja mwezi mzima. Lilipotikisika kwa mara ya kwanza, alikatiza chumba kwenda kunywa maji, na kwa namna alivyokanyaga nilijua kwamba huko juu kimoja kimeamka.

Nilijua kwa sababu mimi nilikaa chini yake. Nyumba ni ya Mji wa Kale, ya mawe, na sakafu ya ghorofani imelazwa juu ya boriti za mikoko, mawe na chokaa. Kilichokuwa sakafu kwake kilikuwa dari kwangu. Mimi ni mtu wa bara, nilikuja Mombasa kufanya kazi za hesabu kwenye ofisi za upande wa bandari, na mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua vitu nione ndani mna nini. Yeye alikuwa amefundisha ushoni katika shule ya wasichana, akastaafu, na wanawake wenye wajukuu bado walinyoosha mgongo wakipishana naye kichochoroni. Ukoo wake wanaujua wenyewe. Mimi naandika nilichokiona.

Nilipohamia, vyerehani vilikuwa vichache. Kadiri miaka ilivyopita viliongezeka, vyote vya miguu, vyote vya chuma kizito cha zamani, na boriti zikaanza kuinama. Yote ninayoyaandika hapa yamekaa juu ya swali moja: sakafu itastahimili hadi lini, na isipostahimili, vyerehani vile vitakwenda kwa watu wa kushona au kwa watu wa kukata vyuma.

Hakuvipa majina. Alisema jina ni la mtu. Lakini aliviita kwa mahali vilikotoka, na kwa masikio yangu hayo yalikuwa majina. Cha Kizingo kilitoka katika nyumba moja kubwa yenye bustani, ambako kilikuwa kimewekwa sebuleni na kupakwa rangi ya dhahabu ili wageni wakitazame. Mwalimu alialikwa huko kwa shughuli nyingine, akakinusa mbele ya wenyeji, akasema, "Hiki kizima, ila mumekivisha kama mganga." Mwenye nyumba alicheka, kisha hakucheka, na baada ya juma moja dereva wake akakileta. Rangi ile ya dhahabu aliikwangua kwa kisu cha siagi hadi maua ya zamani yakatokea.

Cha Marikiti kilikuwa cha Mhindi mmoja muuza viungo, mtu mpole sana, aliyekitumia kuwekea mizani. Huyo Mwalimu alimsumbua kwa muda mrefu. Kila alipokwenda kununua bizari alimwuliza hali ya wake zake wawili, na yule bwana, ambaye alikuwa na mke mmoja tu, alijibu kwa heshima kwamba wa kwanza hajambo na wa pili, Alhamdulillahi, bado amebeba mizani. Siku alipokitoa alimwambia hamali wake akibebe polepole, na akaja nyuma yake mwenyewe hadi mlangoni petu, akashika kile chuma kwa mkono wote kabla hajaondoka.

Kwa mdogo wake, ambaye walikaa pamoja huko juu, Mwalimu alidai daima kwamba vyerehani ni sita. Vingine alivifunika kwa vitambaa vilivyotariziwa, akaweka juu yake vitabu au sinia, akaviita meza. Mdogo wake alikuwa mwanamke mwenye ulimi. Akija mgeni alimwuliza, "Wataka kuketi? Angalia usiketi juu ya meza, itakushona." Mwalimu alikuwa na namna ya kutosikia iliyomsaidia miaka yote ya kazi.

Alichoshona ni mifarishi. Watu wengi wa umri wangu hawaujui tena mfarishi, wanajua blanketi la dukani. Mfarishi una tabaka tatu: juu vipande vya nguo vilivyoungwa kwa mpango, chini shuka kuukuu au kitambaa cha marekani, na kati yake pamba nyembamba au blanketi lililochakaa. Tabaka hizo hutandikwa sakafuni juu ya mkeka, wanawake hukaa kuzunguka na kuzipiga bandi, yaani kuzishikiza kwa mishono mirefu ya mkono, kisha ndipo hupitishwa chini ya sindano ya cherehani, mstari baada ya mstari, hadi zote zikawa kitu kimoja. Vyerehani vya sasa, alisema, huisukuma nguo kama mtu anayewahi basi. Vile vya zamani huitafuna taratibu, na tabaka tatu kwao si kitu.

Mdogo wake alikuwa akiuliza, Mombasa hii na joto hili, mfarishi wa nini. Jibu lilikuwa mzazi. Mwanamke aliyejifungua, katika zile siku arubaini, alitandikiwa mfarishi wa Mwalimu kitandani. Mtoto naye alilazwa juu yake akapigwa na hewa ya dirisha. Hakuuza hata mmoja. Aliyeutaka alileta leso, zile ziitwazo kanga kwingineko, za mama yake au za bibi yake, na hizo ndizo zilizokatwa vipande. Mwalimu aliamini mtoto mchanga anapaswa kulala juu ya nguo iliyokwisha kuvaliwa na watu wake, na nilipomwuliza imani hiyo ameitoa wapi aliniambia, "Kuna mambo hayana wapi."

Kazi ya kukata leso ilikuwa na sheria. Pindo lilikatwa peke yake, mji wa leso, ule uwanja wa katikati, peke yake, na jina, yaani yale maneno yanayochapwa chini, lilibaki zima. Halikukatwa katikati, na halikuwekwa upande wa miguu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu leso za bibi zetu zina majina makali. Nakumbuka leso moja iliyosema, "Jirani funga dirisha, nimechoka kuchunguzwa." Mdogo wake alitaka iondolewe, alisema mtoto hawezi kuanza dunia na kijembe chini ya kisogo. Wanawake waliokaa mkekani wakagawanyika. Mmoja akasema si kijembe, ni nasaha. Mwingine akasema anamjua aliyekusudiwa aisome leso ile iliponunuliwa, na alikuwa shangazi yake. Mwalimu aliwaacha wakachoka, kisha akaliweka jina lile sawasawa katikati. "Naye atakuwa na majirani," alisema. "Heri ajue mapema."

Hakuwa mtu mwepesi. Sifa aliitoa kwa kipimo cha chumvi. Mkasi wake hakumwazima mtu, hata mimi, na mimi ndiye niliyeunoa. Alikataa mota ya umeme kwenye vyerehani, akisema mota haina adabu, haijui kusita. Lakini pasi yake ilikuwa ya umeme, feni ya umeme, na redio iliyokaa dirishani ilipiga matangazo ya mpira kwa sauti ya kusikika hadi kichochoro cha pili. Alifuata ligi kwa makini ya mhasibu. Timu yake ikifungwa, mishono ya siku ile ilikuwa midogo mno na ya kubana, na aliifumua kesho yake bila kueleza.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anaendelea kukusanya wakati mikono yake ni miwili. Alikuwa akifunga mkanda wa ngozi. Alisema, "Mtu akiokota mtoto ndiani, mwamwuliza ana vitanda vingapi?" Yeye alisema ndia pale mimi niliposema njia, na tini pale niliposema chini, miaka yote ile hakuna aliyejaribu kumbadilisha mwenzake.

Sasa dari. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, alianza kukanyaga, na unga wa chokaa ulishuka juu ya meza yangu. Nilizoea kufunika uji. Baadaye unga ukawa na vipande. Mimi nikiona jambo nisilolielewa hulipima, kwa hiyo nilifunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta, ukavutika sawa chini ya boriti, na kila Jumapili baada ya kanisa nikapanda kiti na rula ya shule kuona katikati nafasi imebaki kiasi gani. Ilikuwa ikipungua. Nikapanda ghorofani, nikapiga hodi, nikamweleza.

Aliniambia uzi wangu umelegea.

Nikaukaza. Juma lililofuata nikapanda tena. Aliniambia nyumba hii imesimama tangu wakati wa watu ambao mimi na yeye hatukuwajua, na haitaanguka kwa sababu ya Mkristo mmoja mwenye rula. Alilisema kwa upole, na akanipa kaimati nile. Lakini jioni ile nilisikia hatua ngazini. Alishuka, jambo ambalo goti lake halikumruhusu mara nyingi, akaingia chumbani kwangu, akasimama chini ya uzi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Uzi ulikuwa umegusa boriti. Alitazama juu kwa muda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona sakafu yake kutoka upande huu.

"Wewe walala hapa," alisema.

Nikamwambia kitanda nimekisogeza ukutani.

"Miaka yote hii," alisema, wala hakumalizia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu mpwa wake, mwana wa yule mdogo wake, aliyeshika mambo ya nyumba kwa niaba ya familia. Mpwa alileta fundi wa nyumba za zamani. Fundi alipiga boriti kwa nyundo, akasikiliza, akasema mbili zimeoza vichwa na lazima zibadilishwe, na kwamba hata zikibadilishwa, sakafu haikujengwa kubeba kiwanda. Mpwa hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Mwalimu, "Mama mkubwa, viwili vibaki. Vyengine vitoke kabla ya Idi, fundi aingie."

Kwa muda nilimsaidia kusogeza vyote vikazunguka kuta, ambako boriti huingia jiweni na uzito hushuka ukutani. Nilichora mahali pa kila kimoja kwa chaki. Chumba kikawa kama ukumbi wa kungojea daktari. Hiyo ilitupa nafasi ya kupumua, si zaidi.

Habari haikai Mji wa Kale. Katika siku zile alikuja mtu mmoja nadhifu, mwenye adabu, aliyekuwa akiwatengenezea wenye hoteli meza. Alitaka miguu ya vyerehani, ile ya chuma iliyofumwa kama maua. Juu yake huwekwa kioo, na wageni hunywea chai hapo. Alimwonyesha Mwalimu picha kwenye simu. Alivitaka vyote, na angevibeba mwenyewe siku ile ile. Mdogo wake alikuwa ameketi pembeni na nikaona anahesabu moyoni jinsi mambo yatakavyokuwa mepesi. Mwalimu alizitazama picha zote bila haraka. Kisha akauliza, "Na vichwa vyake?"

Yule bwana alisema vichwa havina kazi, huenda kwenye chuma chakavu.

Mwalimu alimshukuru, akamkaribisha tangawizi, akamsindikiza hadi ngazini. Hakumpa jibu. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha Cha Marikiti na kukanyaga bila uzi wala nguo, gurudumu likazunguka tupu. Mdogo wake akasema, "Jibu lake litakuwa nini?" Mwalimu akasema hajui. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Nilimwambia wapo wanawake wa kushona kisiwani, awape. Alisema watu hawajui. Nikasema baadhi wanajua. Akasema, "Basi nitawaona."

Mtihani wake ulikuwa mfupi na hakuna aliyeambiwa kwamba ni mtihani. Mgeni alipewa chai, akaonyeshwa cherehani chenye uzi tayari, akaambiwa ajaribu. Cherehani cha miguu hakianzishwi kwa miguu. Kwanza mkono wa kulia hulivuta gurudumu kuja kwako, ndipo mguu hufuata. Ukikanyaga tu, gurudumu huweza kurudi nyuma, na uzi hukatika papo hapo. Wa kwanza kuja alikuwa binti msomi, mchangamfu, mwenye mawazo mazuri ya biashara. Alikaa, akakanyaga, uzi ukakatika. Mwalimu akamwambia, "Chai yako yapoa." Alikuja wa pili, na wa tatu, na chai zao nazo zikapoa. Mdogo wake alisema kwamba kwa mwendo huu sakafu itaamua yenyewe.

Halafu akaja mjane wa Tononoka. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na kama mimi walikuja kutoka bara. Nilikutana naye kanisani na mimi ndiye niliyemwambia aje. Alikuja na mfuko wa vipande vyake mwenyewe. Hakugusa chai. Alikaa, akaweka kiganja juu ya gurudumu, akalivuta kuja kwake polepole hadi sindano ikashuka, na mguu ukafuata kana kwamba umeitwa. Alishona mstari mmoja hadi mwisho wa kitambaa, akalisimamisha kwa kiganja kile kile.

Mwalimu akamwuliza nani amemfundisha. Mama yake, alisema, nyumbani. Lakini mama alipofariki cherehani kilikwenda kwa kaka, na kwa kaka kikawekewa televisheni. Mwalimu akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mbali.

"Utashona mifarishi," akasema. Haikuwa swali.

Mimi nilitamani mjane aseme ndiyo, neno dogo, tuondoke salama. Akasema, "Mwalimu, siwezi kukudanganya. Nitashona sare za shule. Ndizo zinazotakiwa kwetu. Mfarishi nitashona nikipata nafasi, na pengine sitapata."

"Sikukusanya hivi vishone kaptula."

"Najua, Mwalimu."

"Hukunywa chai."

"Nilikuwa naogopa nitaimwaga kwenye kitambaa."

Mdogo wake akatazama dirishani. Kule nje mtu aliita muuza mahamri. Nilijua, na nadhani sote tulijua, kwamba ikiwa huyu naye atakataliwa, yule mtu wa meza ataitwa. Idi ilikuwa mlangoni. Mwalimu aliinua kitambaa cha majaribio akakisogeza kwenye miwani, akakigeuza upande wa chini, ambako mshono mbaya hujificha. Alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mshono huu hata kaptula itaona haya kuuvaa," akasema. "Ni mzuri mno. Chukua Cha Kizingo."

Kilishushwa na mahamali wawili wa Marikiti, ngazi kwa ngazi, na mmoja wao aliapa kwamba amewahi kubeba ng'ombe mwepesi kuliko hiki. Kikawekwa kwenye mkokoteni. Mwalimu alitwaa mwavuli na, licha ya goti lake, akakifuata kwa miguu hadi Tononoka, nami kando yake. Watu walimwuliza njiani kuna nini. Mdogo wake, aliyebaki mlangoni, alikuwa amekwisha kuwajibu kwa sauti, kama mtu wa harusini: "Yuwapeleka mwari!"

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mtihani ulibaki, lakini sharti la mifarishi hakulitaja tena. Kimoja kilikwenda kwa mshona mabuibui, kimoja kwa kijana wa kiume anayetengeneza mahema ya vibanda vya soko, na Mwalimu, aliyeapa kwamba mwanamume huibamiza nguo, alikiri kwamba huyo ana mguu mtulivu. Cha Marikiti na kingine kimoja vilibaki. Fundi aliingia baada ya Idi, akatoa boriti zilizooza, akatia mpya. Uzi wangu bado upo pale, na nafasi chini ya boriti haijabadilika.

Nilidhani atapungua. Chumba chake kilikuwa na mwangwi. Kwa miezi kadhaa alifuata habari za vile vyerehani kama watu wafuatavyo habari za mabinti walioolewa mbali: nani amekitia mafuta, nani amebadilisha mkanda, nani hapokei simu. Hakuwa na utulivu. Kuna asubuhi hakukanyaga kabisa, na mimi nilikunywa uji wangu nikisikiliza kimya kile, sikukipenda.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni ya mwaka huu, wakati wa baridi yetu ndogo, mvua za rasharasha. Mtu alimletea mdogo wake habari, na mdogo wake akaileta mezani, kwamba cherehani cha Tononoka hakisikiki tena. Mtu huyo alipita mara mbili akakuta kimya. Mwalimu alinigongea mlango akiwa amekwisha kuvaa. Mkobani alikuwa na bisibisi, kichupa cha mafuta ya cherehani na tambara. Alitembea mbele yangu na mwavuli umefungwa ingawa ilikuwa ikinyunya.

"Kama kimekufa nakirudisha," alisema. "Sasa mahali papo."

Nilikuwa naogopa ama kimekufa, ama hakikufa na yeye atakirudisha hata hivyo.

Tulikisikia kabla hatujafika. Hakikuwa mahali pa zamani. Kilikuwa kimehamishwa kutoka chumba cha mbele hadi ukumbi wa nyuma wa nyumba ile, upande wa uani, ndiyo maana wapita njia hawakukisikia. Mjane hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua uzi. Ukumbini kulikuwa na wanawake ambao mimi na Mwalimu hatukuwajua, wameketi kwenye ubao mrefu kando ya ukuta, kila mmoja na nguo yake mapajani: mmoja pazia, mmoja sketi ya buluu ya shule, mmoja vipande vya vitenge vilivyokwisha kuungwa na blanketi kuukuu chini yake, vimepigwa bandi. Mwanamke wa makamo alikuwa kwenye cherehani, akikanyaga bila haraka.

Mwalimu alisimama mlangoni akipumua kwa nguvu kwa ajili ya mwendo. Aliegemeza mwavuli. Akapiga hatua moja kukielekea, na mkono wake ukaingia mkobani.

"Mama, samahani," akasema mmoja wa waliokaa, kwa heshima, "foleni yaanzia huku mwisho. Sote twangoja."

Nilifungua kinywa nimwambie huyu ni nani. Mwalimu alinishika kifundo cha mkono, akakibana. Alimtazama yule mwanamke, akautazama ubao, mmoja mmoja, hadi mwisho wake.

"Wangoja tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu asubuhi, mama. Hiki hakipumziki. Lakini wewe mtu mzima, njoo ukae mbele yangu."

"La, mwanangu. Kaa. Zamu ni zamu."

Akaenda mwisho wa ubao, akakaa, akanivuta nikakaa kando yake. Hatukuwa na kitu cha kushona. Aliutoa mkono mkobani, akaufunga mkoba, kisha akaiondoa leso aliyojitanda mabegani na kuikagua pindo hadi akapata mahali palipofumuka, padogo, pa kidole kimoja. Akapakunja kwa ajili ya sindano, akapashikilia hapo. Aliyekuwa karibu naye ndiye mwenye vitenge. Mwalimu akainama kuvitazama, akapitisha kidole juu ya bandi, akamwuliza mfarishi huu ni wa nani. Yule mwanamke akasema ni wa dada yake, anajifungua mwezi ujao huko bara, kuna baridi.

"Pamba umetia ya kutosha?"

"Nimetia blanketi mbili."

"Vizuri," akasema Mwalimu.

Cherehani kikanyamaza. Mwanamke wa makamo akainuka na nguo yake, mwenye pazia akaketi, kiganja kikalivuta gurudumu, na sisi sote kwenye ubao tukasogea nafasi moja.